Hadhira Imerudi, Adabu Iko Wapi?

Jioni ya Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, niliketi na wenzangu katika mkahawa mmoja mjini Machakos kuitazama timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ikimenyana na Madagascar katika robo fainali ya CHAN, mashindano ambayo Kenya, Tanzania na Uganda ziliyaandaa kwa pamoja. Mchezo ulikuwa ukipeperushwa moja kwa moja kutoka uwanja wa Moi, Kasarani. Dakika zote zilimalizika kwa sare ya 1-1, muda wa ziada ukapita, ikawa sasa ni mikwaju ya penalti. Mkahawa mzima ulinyamaza. Ghafla kijana mmoja aliyeketi karibu na mlango, simu mkononi, akaguna na kusema, "Basi, tumetoka." Kwenye runinga, mpigaji ndiyo kwanza alikuwa akiupanga mpira. Mzee mmoja akamkemea: "Wewe kijana, usitulaani!" Sekunde chache baadaye picha ikamthibitisha kijana. Tulikuwa tumeshindwa kwa mikwaju 4 kwa 3.

Hakuwa mpiga ramli. Picha ya runinga hupita katika mitambo mingi kabla ya kufika ukutani mwa mkahawa, ilhali maneno mawili ya mtu aliye uwanjani hufika simuni kwa kupepesa jicho. Hata hivyo, lililonishughulisha si hilo bali lililofuata. Kijana alianza kutusomea maoni yaliyokuwa yakimiminika mtandaoni. Ya kwanza yalikuwa mizaha, nasi tukacheka pamoja na uchungu wetu. Lakini hazikupita dakika kumi kabla ya mizaha kugeuka matusi, na matusi yakamwacha mchezaji na kumwendea mamake, kisha kabila lake. Yule mzee akauliza, "Na hao wanaotukana ni kina nani?" Kijana akajibu bila kuinua macho, "Hawajulikani, mzee. Ni watu wa mtandaoni."

Jibu hilo limekuwa likinisumbua tangu siku ile. Nimekuwa mwalimu wa isimu kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba jambo linalotukia baina ya runinga na simu ni la lugha kwanza kabla ya kuwa la mitambo. Hapana budi sisi walimu na wanafunzi tulitafakari kwa kutumia vifaa vya taaluma yetu wenyewe.

Kila mwanafunzi anayejiandaa kwa karatasi ya fasihi katika mtihani wa kidato cha nne hufundishwa istilahi mbili: fanani na hadhira. Fanani ni yule anayesimulia, anayeimba au anayetenda. Hadhira ni wale wanaomsikiliza na kumtazama. Mwalimu huongeza kwamba katika fasihi simulizi hadhira haikai kimya. Mtambaji akisema "Paukwa!", hadhira sharti iitikie "Pakawa!", na isipoitikia hakuna hadithi. Hadhira huimba kibwagizo, hupiga makofi, huuliza maswali, humrekebisha fanani akikosea na humzomea akichusha. Kwa ufupi, hadhira ni mshiriki wa utungaji wenyewe.

Sasa tuitazame runinga kwa jicho hilo. Ilipoingia nchini mwetu mwaka 1962, ililivunja agano hilo. Fanani akaingia ndani ya sanduku la kioo, naye mtazamaji akafungwa kinywa. Ungeweza kucheka ukitazama Vitimbi au Vioja Mahakamani hadi machozi yakutoke, lakini kicheko chako hakikumfikia aliyekuchekesha. Kwa miongo mingi tuliishi hivyo: mmoja akinena, mamilioni wakinyamaza.

Hata hivyo, tusidhani kwamba Wakenya waliridhika na ububu huo. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaijaza majina ya jamaa na marafiki, akaituma kwa posta hadi kituo cha utangazaji, kisha akangoja siku nyingi kwa subira ya ajabu ili asikie jina lake likitajwa redioni. Wapenzi wa salamu waliunda vyama, wakajipa majina ya utani, wakajulikana nchi nzima. Ilikuwaje mtu agharimie kadi na stempu kwa ajili ya jina lake tu? Jibu ni kwamba alikuwa akidai nafasi yake ya kuitikia "Pakawa!" Baadaye, katika mwaka wa 2006, shindano la muziki la Tusker Project Fame liliwazoesha watazamaji wa eneo hili kupiga kura kwa ujumbe mfupi wa simu ili kuamua nani abaki na nani aende nyumbani. Mlango ulikuwa umeanza kufunguka.

Leo mlango huo umeng'olewa pamoja na bawaba zake. Mtangazaji husoma taarifa huku akitualika tutoe maoni chini ya alama ya reli fulani, na maoni yetu hupita chini ya kioo yeye akiendelea kuzungumza. Kipindi kilekile huonekana YouTube na Facebook, ambako watazamaji hujadiliana wao kwa wao kana kwamba wameketi ukumbi mmoja. Kipande cha sekunde thelathini hukatwa, hutiwa muziki na mzaha, hurushwa TikTok, na kesho yake huirudia runinga kama habari. Ripoti ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford ilionyesha kwamba asilimia 54 ya Wakenya waliohojiwa walitumia TikTok, kiwango kilichoiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa. Hadhira imerudi, wala haitanyamaza tena.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa balaa tupu. Mnamo Agosti 2023 ombi liliwasilishwa katika Bunge la Taifa likitaka TikTok ipigwe marufuku nchini. Naelewa hofu ya wazazi waliouona usiku wa watoto wao ukiyeyuka mbele ya kioo cha simu. Lakini sikubaliani na marufuku, na sababu yangu ni historia yetu wenyewe.

Mara tatu katika kipindi kisichofika miaka ishirini, wenye mamlaka nchini Kenya walijaribu kuyanyamazisha matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 30 Desemba 2007, taifa likitumbukia katika ghasia za baada ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo hayo. Tarehe 30 Januari 2018, marehemu Raila Odinga alipokuwa akila kiapo katika bustani ya Uhuru Park, mitambo ya Citizen, KTN na NTV ilizimwa, na ikaendelea kuzimwa kwa siku kadhaa hata baada ya Mahakama Kuu kuagiza iwashwe. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, na baadhi yavyo vikakatiwa mawimbi, hadi Mahakama Kuu ilipolisimamisha agizo hilo siku iyo hiyo.

Je, kimya kilileta utulivu? La hasha. Mwaka 2007 runinga iliponyamaza, ujumbe mfupi wa simu ndio uliosema, na mwingi wake ulikuwa wa chuki na uvumi. Mwaka 2018 na 2025 watu walihamia kwenye simu zao wakaendelea kutazama. Ukimzima fanani anayejulikana kwa jina na anuani, anayeweza kushtakiwa akidanganya, humwachii hadhira kimya. Unaiachia giza, na gizani kila sauti hudhaniwa kuwa ya kweli.

Lakini katika giza lilelile la mwanzo wa mwaka 2008 palizuka jambo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili angepaswa kulisimulia darasani. Vijana wachache, wengi wao Wakenya, waliunda tovuti ambapo mwananchi wa kawaida aliweza kutuma taarifa ya alichokiona kwa simu au kwa intaneti, na taarifa hiyo ikawekwa kwenye ramani kuonyesha mahali ilipotukia. Waliita tovuti hiyo Ushahidi. Baadaye programu hiyo ilienea ng'ambo, ikatumiwa katika tetemeko la ardhi la Haiti la mwaka 2010 na katika maafa mengine mengi, ikilibeba jina lake la Kiswahili kokote ilikokwenda.

Nalitazama neno hilo kama mwanaisimu. Shahidi ni nani? Ni mtu anayesema aliloliona mwenyewe, mahali alipoliona, wakati alipoliona, naye yuko tayari kuulizwa maswali. Kinyume chake ni mmbeya, ambaye husema alilolisikia kwa mtu aliyelisikia kwa mtu, na akibanwa hujibu, "Mimi nimeambiwa tu." Simu iliyo mkononi mwa mwanafunzi ni ileile. Inaweza kumfanya shahidi, inaweza kumfanya mmbeya. Tofauti haimo katika chombo. Imo katika adabu ya anayenena.

Na adabu hiyo si jambo geni kwetu. Hapa Ukambani tuna nyimbo za myali, ambazo kazi yake ilikuwa kuwasuta waliokosea katika jamii. Mwizi, mlevi, mzembe, hata mkubwa aliyetumia vibaya mamlaka yake, wote waliweza kuimbwa. Atakayesema kwamba Mwafrika hakujua kumkosoa mkubwa hadharani hazijui nyimbo hizi. Lakini ngui, yaani kiongozi wa wimbo, alisimama mbele ya watu waliomjua yeye, baba yake na boma lake. Alificha makali ndani ya tamathali, akamsuta mtu kwa kosa alilolitenda, na kesho yake aliamka kijiji kimoja na yule aliyemsuta. Uso wake ulikuwa dhamana ya maneno yake. Hicho ndicho kilichopotea katika mkahawa ule. Waliomtukana mchezaji walikuwa na ulimi wa ngui bila uso wa ngui.

Nisieleweke kwamba nauona ubaya peke yake. Katikati ya mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa mbele ya Bunge, vijana wa nchi hii walifanya kazi ambayo sisi wenye shahada za uzamifu tulistahili kuwa tumeianza zamani. Waliuchukua mswada ulioandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, wakaufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za humu nchini katika video fupi ambazo mama muuza mboga aliweza kuzielewa. Tarehe 25 Juni, waandamanaji walipoingia Bungeni, taifa lilikuwa likitazama kwa runinga na kwa simu kwa wakati mmoja, na wapo vijana waliopoteza maisha yao siku hiyo. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi. Tarehe 5 Julai aliingia katika ukumbi wa mazungumzo wa mtandao wa X, akaulizwa maswali makali na vijana ambao pengine wasingeruhusiwa kulikaribia lango la Ikulu. Iwe tunawaunga mkono au hatuwaungi, hatuwezi kukanusha kwamba hadhira ilimwita fanani, naye akaitika.

Hata hivyo, katika majuma yayo hayo namba za simu za wabunge zilisambazwa ili waandamwe kwa ujumbe usiku na mchana. Wapo walioona kwamba hiyo ilikuwa haki yao, na hasira yao ilikuwa na sababu. Mimi nauliza: mwanafunzi aliyejifunza kwamba namba ya mtu hutangazwa akikuudhi, ataifanyia nini namba ya mwanafunzi mwenzake watakapokosana?

Jambo jingine linahusu lugha yenyewe. Vijana husema kwamba jambo fulani "linatrendi." Sina ugomvi na neno la mkopo, kwani Kiswahili kimekopa tangu enzi za majahazi na hakijafilisika. Lakini tunalo neno letu, kuvuma, nalo lina hekima ambayo lile la mkopo halina. Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Katika methali hiyo mmefumbwa somo zima kuhusu mitandao ya kijamii: kuvuma si kuwa kweli, kuvuma si kuwa na maana, na kinachovuma leo kesho kitakuwa ngozi iliyopasuka. Mwanafunzi anayelijua neno "kuvuma" pamoja na methali yake amepata kinga ambayo hakuna programu ya simu inayoweza kumpa.

Aidha, tusisahau kwamba alama za reli zilizobeba vuguvugu la mwaka 2024 zilikuwa za Kiingereza, ilhali ufafanuzi uliowafikia wengi ulikuwa wa Kiswahili na lugha za nyumbani. Kaulimbiu ikawa ya lugha moja, uelewa ukawa wa nyingine. Hali hii yapaswa kuwafikirisha wahariri wa taarifa za Kiswahili za saa moja jioni. Iwapo wanamwalika mtazamaji atoe maoni, na wamwalike kwa lugha wanayomsomea taarifa.

Tufanye nini basi? Nina mapendekezo matatu, nayo hayahitaji bajeti ya serikali.

La kwanza ni la walimu. Shule zetu nyingi za sekondari haziwaruhusu wanafunzi kumiliki simu, na sidai kanuni hiyo ibadilishwe. Lakini mwanafunzi aliyenyimwa simu kwa miezi mitatu, kisha akarudishiwa siku ya kufunga shule bila kufundishwa lolote, ni kama mtoto aliyefungiwa mbali na mto halafu akasukumwa majini. Somo hili linaweza kufundishwa kwa chaki. Mwalimu na anakili ubaoni maoni kumi yaliyotolewa kuhusu mchezo au hotuba iliyopeperushwa moja kwa moja, akiondoa majina. Wanafunzi waulizwe: Nani shahidi hapa na nani mmbeya? Ni maoni gani yanakosoa tendo, na yapi yanatukana mtu? Ni sifa gani za sajili ya mitandao ya kijamii zinazojitokeza? Swali hilo la mwisho ni la isimujamii kamili, nalo linafaa kabisa kwa maandalizi ya mtihani. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019 unautaja umilisi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Umilisi huo hauwezi kuwa wa kubonyeza vitufe peke yake. Ni wa kujua unasema nini, na nani, na kwa ushahidi gani.

Wala tusisahau kwamba walimu wameshajaribu kuunganisha runinga na mtandao. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, Taasisi ya Kukuza Mitaala ilipeperusha masomo kwa redio, kwa runinga ya Edu na kwa YouTube. Watoto wa nyumba zisizo na umeme waliachwa nyuma, na hilo lilikuwa chungu. Lakini tulijifunza kwamba kioo kinaweza kuwa ubao, mradi kuwe na mtu wa kulijibu swali la mtoto aliye upande wa pili.

La pili ni la vituo vya utangazaji. Mhariri akiyapitisha maoni ya mtazamaji chini ya kioo chake, ameyachapisha, na hawezi kunawa mikono kwa kusema ni ya mitandaoni. Maoni na yachujwe kwa haki: ya kukosoa yapite hata yakiwa makali, ya kutukana kabila yasipite hata yakichekesha. Haja hii imekuwa kubwa zaidi sasa ambapo akili unde inaweza kuunda sauti na sura ya mtu akisema asilolisema kamwe.

La tatu ni la wanafunzi wangu na wa wenzangu. Kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, jiulize: je, ningeyasema haya nikiwa nimesimama mkahawani mbele ya yule mzee, mbele ya mama wa yule mchezaji, nikiwa nimetaja jina langu na la kwetu? Ikiwa ndiyo, yatume, hata kama yatamkera mkubwa. Ikiwa siyo, yafute. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nanyi mnajua kwamba sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta imeugeuza ulimi wa simuni kuwa jambo la mahakama. Lakini ningependa mjizuie kwa sababu ya heshima kabla hamjajizuia kwa sababu ya hofu, maana mtu anayenyamaza kwa hofu atanyamaza hata pale anapopaswa kusema.

Mwezi Februari 2025 nchi hii ilimpoteza Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyeanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na kukiendesha kwa miongo mingi. Hakuwa na polisi wala sheria ya kumtia mtu adabu. Alikuwa na swali moja tu, alilolitupa hewani na kutuachia sisi tulijibu majumbani mwetu, tukicheka na kuona haya kwa pamoja. Wakati ule hatukuwa na njia ya kumjibu. Leo tunayo, iko mikononi mwetu, nayo inawaka usiku kucha. Basi na tuliulize swali lake kila tunapoishika.

Na yule kijana wa mkahawani? Mzee alimwomba simu, akaitazama kwa kitambo, kisha akamrudishia na kumwambia: "Waandikie kwamba yule mchezaji ni mtoto wa mtu. Na jina langu uliweke chini." Kijana alisita kidogo, kisha akaandika.